Ugonjwa wa Pumu na Haki ya Mwenye Kuugua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na kututia pumzi, ajuaye hesabu ya pumzi zetu kabla hatujazivuta. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyeshika mwendo wao. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni na tunajiusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tumekusudia kusema juu ya ugonjwa wa pumu. Huenda baadhi yenu mkajiuliza kwa nini mimbari iache habari za swala na zaka ikaingia katika habari za kifua. Jawabu letu ni kwamba kuhifadhi nafsi ni moja katika makusudio matano ambayo sheria yetu imekuja kuyalinda, kama walivyoeleza wanavyuoni wa usuli, na Imamu Ghazali ni miongoni mwao. Dini yenyewe haisimami pasipo mtu aliye hai wa kuisimamisha.

Maneno haya tunawaelekeza hasa jamaa zetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, watu wa Lipingo na vijiji jirani, nchi iliyohesabiwa zamani ndani ya wilaya ya Mbinga na ambayo leo ni wilaya ya Nyasa. Huko mambo aghalabu huwa hivi. Mtoto analala mzima. Usiku wa manane anaamka anahema, kifua kinapiga mluzi, mabega yanapanda na kushuka. Ni mwezi wa Juni au Julai, upepo wa kusini unavuma, ziwa limechafuka, wala hakuna mwenye mtumbwi atakayethubutu kuingia majini. Mama anamfukiza majani, nyanya anamkanda mafuta, baba anatafuta pikipiki ya kuazima. Kukipambazuka, ama mtoto amepata nafuu na watu wote wanasahau mpaka mara nyingine, ama amekwisha kufa. Sisi tunasema kwamba kosa kubwa si lile la usiku ule, kwani usiku ule kila mtu hufanya awezalo. Kosa kubwa liko katika siku zile nyingi za katikati, siku za uzima, ambazo watu huzipitisha kana kwamba ugonjwa umeondoka.

Basi na tuueleze ugonjwa wenyewe. Hewa huingia mapafuni kwa mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia. Kwa mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo imevimba kidogo wakati wote, hata siku ambayo anacheza na kucheka. Kinapomjia kitu cha kumchokoza, kama moshi, vumbi, mafua au baridi, mambo matatu hutokea pamoja: misuli inayoizunguka mirija hukaza, uvimbe huzidi, na ute mzito huziba nafasi ndogo iliyobaki. Hewa huingia kwa taabu, na kutoka kwake huwa taabu zaidi. Ule mluzi ni sauti ya hewa inayopita penye dhiki. Pumu si ugonjwa wa kuambukiza. Haupatikani kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye mkeka mmoja. Si kifua kikuu. Tena si uchawi, na mwenye kumpelekea mganga mbuzi wa kafara amempoteza mbuzi wake na amempotezea mgonjwa wakati. Mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja, mama akiwa nao na mwana akawa nao, na hapo ndipo watu wanapopata kusingizia majirani.

Wala si ugonjwa mgeni. Waarabu waliuita rabw, na waganga wa zama za Kiislamu waliuandikia vitabu. Musa bin Maimun, tabibu wa Kiyahudi aliyewatumikia watawala wa Misri katika karne ya 12, aliandika kwa Kiarabu risala nzima juu ya rabw kwa ajili ya mkubwa mmoja aliyekuwa akiugua, akamshauri juu ya chakula, usingizi, na hasa usafi wa hewa anayoivuta. Kabla yake, Abu Bakr al-Razi alieleza habari za mwanachuoni Abu Zaid al-Balkhi, ambaye kila majira ya kuchanua mawaridi alipatwa na mafua makali kwa kuyanusa. Harufu nzuri wanayoipenda watu wote ilikuwa maradhi kwa mtu mmoja! Tutarejea kwenye jambo hili, kwani lina uhusiano na sisi hapa msikitini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo, kama zetu. Sababu si kwamba mapafu yetu ni dhaifu. Watu wa huku huugua bila ya kutambuliwa, au hupewa dawa isiyotosha, au hupewa dawa kamili wakaiacha.

Hapa, ndugu zangu, tunaomba masikio yenu yote. Dawa za pumu ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kufungua kifua kilichobana, nayo ni salbutamoli, iliyoanza kutumika mwaka 1969. Wengi wenu mnaijua ile pampu ndogo, aghalabu ya rangi ya buluu, ivutwayo kwa mdomo. Hii hulegeza misuli kwa dakika chache, na mgonjwa huiona faida yake papo hapo. Ya pili ni ya kuzuia, kama beklometasoni, iliyoanza kuvutwa kwa pampu mwaka 1972, au budesonidi. Hii hupunguza ule uvimbe wa ndani kidogo kidogo, siku baada ya siku. Mtu akiivuta leo hahisi kitu. Kwa hiyo huiacha. Husema, "Hii haifanyi kazi, nipe ile ya buluu." Tena huenda akaipenda ile ya buluu hata akaivuta kila siku mara nyingi, na huku uvimbe unazidi chini kwa chini, mpaka siku moja ile ya buluu nayo inashindwa. Ni mfano wa mtu ambaye paa lake linavuja, akawa hodari wa kukinga maji kwa ndoo, asipande hata siku moja kuezeka.

Jambo hili limeonekana zito hata kwa wakubwa wa elimu hii. Tangu mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, liitwalo GINA, liliacha kupendekeza kwamba watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake. Wanataka kila mmoja wao apate dawa ya kuvuta yenye kutuliza uvimbe, ama kila siku, ama kwa mpango atakaopewa na daktari. Kwa hiyo mwenye pumu ambaye miaka yote amekuwa akipewa vidonge na pampu ya buluu tu, na arudi hospitali akaulize: Je, ile ya kuzuia iko wapi? Kuuliza si utovu wa adabu. Na asione haya kwamba hospitali si ya Waislamu. Hospitali ya Liuli ni ya ndugu zetu Waanglikana, na ile ya Litembo kule milimani ni ya Wakatoliki. Dawa itolewayo huko ni dawa, na mwenye kumtibu mtu ana ujira wake kwa Mola wake.

Wako watakaosema kwamba kutumia dawa siku ya uzima ni upungufu wa kutawakali. Hao tunawakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, na akafundisha kwamba ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu akatawakali. Mvuvi wa Lipingo hutazama nyavu zake juani, akaziba matundu, kabla ya kwenda ziwani usiku. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba hana imani.

Tunaingia sasa katika suala la funga, kwa sababu twaulizwa kila mwaka, na kwa sababu wako watu wanaojidhuru kwa nia njema. Je, kuvuta pampu ya pumu mchana wa Ramadhani hufunguza? Wanavyuoni wa zama hizi wamehitilafiana. Sheikh Abdulaziz bin Baz na Sheikh Muhammad bin Uthaimin walisema haifunguzi, kwani si chakula wala kinywaji wala haiko katika maana yake. Wengine, na wengi wao ni wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yetu watu wa pwani na bara hii, wamesema yafunguza, kwa kuwa ni kitu chenye umbo kinachoingia ndani kwa njia iliyo wazi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilitaja vitu vingi visivyofunguza, lakini suala la pampu ya pumu lililiahirisha lichunguzwe zaidi. Hii yaonyesha kwamba jambo lenyewe lina uzito, wala haifai mtu kumtukana mwenziwe kwa kushika kauli mojawapo.

Lakini tazameni jinsi hitilafu hii inavyopungua mwenye pumu akitumia dawa yake sawasawa. Ile ya kuzuia mara nyingi huvutwa mara mbili kwa siku. Basi aivute wakati wa daku na baada ya kufuturu, na mchana hana haja nayo. Kifua kikiwa kimetulizwa hivyo kwa wiki nyingi kabla ya Ramadhani, huenda mwezi ukapita asiiguse ile ya buluu mchana hata mara moja. Ama ikimshika pumu katikati ya mchana, basi hapo hakuna hitilafu: avute dawa yake mara moja. Mwenye kufuata kauli ya kwamba yafunguza atalipa siku hiyo baadaye, na hana dhambi, kwani Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kuhesabu siku nyingine. Na ambaye ugonjwa wake ni wa kudumu na mzito, madaktari waaminifu wakamwambia kwamba hataweza tena kufunga, huyo hutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Ambaye hakuruhusiwa na yeyote, wala Mshafii wala mwingine, ni yule anayejiacha abanwe mpaka roho imtoke na dawa iko mfukoni, akidhani ya kuwa anajikurubisha kwa Mola. Hiyo si ibada.

Liko jambo jingine dogo ambalo watu wa udhu watalipenda. Dawa ya kuzuia huacha mabaki kinywani na kooni, na mabaki hayo huweza kuleta utando mweupe wenye kuuma. Madaktari huamuru mtu asukutue kwa maji na kutema kila baada ya kuivuta. Basi mwenye pumu na aivute kabla ya kutawadha, asubuhi na jioni, na akifika kwenye kusukutua asukutue vizuri na kuteme nje. Na alfajiri ya baridi ayapashe maji moto, kwani hakuna thawabu maalumu katika kujitetemesha pale ambapo kuni zipo.

Tulisema tutarejea kwenye harufu. Ni sunna kuoga siku ya Ijumaa na kujipaka mafuta mazuri, wala hatuipingi sunna. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo alimzuia aliyekula kitunguu thaumu kibichi asiukaribie msikiti, mpaka harufu imwondoke, ili asiwaudhi wenziwe. Na kitunguu ni halali. Illa ya katazo ni maudhi, na maudhi ya kubanwa na pumzi ni makubwa kuliko maudhi ya pua. Kwa hiyo udi na ubani vifukizwe mapema, milango ikiwa wazi, moshi uwe umekwisha kutoka kabla ya watu kuingia. Wala visifukizwe katikati ya khutba. Mwenye manukato makali ajipake kidogo. Mikeka na mazulia yatolewe nje yakung'utwe na kuanikwa juani, kwa sababu ndani ya vumbi la mazulia mna utitiri usioonekana kwa macho, nao ni miongoni mwa vichokozi vikubwa vya pumu. Kazi hiyo ya kukung'uta asipewe kijana mwenye pumu. Tumeona misikiti ikifanya hivyo, ati kwa kuwa yeye hawezi kazi nzito.

Walimu wa madrasa, na sisi ni miongoni mwenu, tuna fungu letu. Mtoto anayekohoa usiku na akasinzia asubuhi chuoni si mvivu; usingizi wake umeibiwa. Akaliwe mbali na ubao wa chaki. Dawa yake isifungiwe kabatini kwa ufunguo alio nao mwalimu mkuu aliyekwenda sokoni. Mchezo asikatazwe, kwani mwenye pumu iliyotulizwa hukimbia kama wengine.

Twende sasa majumbani. Huko mwambao samaki hukaushwa kwa moshi, mbasa na wengineo, na jiko la kuni liko ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mama hukaa humo saa nyingi, na mtoto wa mgongoni huvuta moshi ule ule. Hatuwezi kumwambia kila mtu anunue gesi, kwani bei yake twaijua. Lakini dirisha halina bei kubwa, wala uwazi chini ya paa. Kuni zikaushwe, jiko litoke nje siku ya jua, na vichanja vya samaki viwekwe upande ambako upepo hauleti moshi nyumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko, haifai kabisa katika chumba alalamo mwenye pumu. Chandarua kinatosha, tena ni bora. Mito ya sufi iliyozeeka ibadilishwe au ianikwe. Na baba anayevuta sigara kibarazani akidhani moshi hauingii ndani, ajue kwamba unaingia.

Liko na lile wingu ambalo watu wa ziwa hili wanalijua, vijidudu vinavyoinuka juu ya maji kama moshi wa meli. Katika nchi ya Sudani, kando ya mto Naili, wataalamu walithibitisha katika miaka ya 1980 kwamba vijidudu vinavyofanana na hivyo, ingawa si vya ukoo mmoja, huwaletea watu pumu wakivuta vumbi la miili yake iliyokauka. Hatusemi kwamba vya Nyasa hufanya vivyo hivyo. Twasema kwamba mwenye pumu akiona wingu linaelekea pwani, hasara gani akiingia ndani na kufunga dirisha? Na kule juu Umatengoni, anayefanya kazi penye vumbi la kahawa kavu afunge kitambaa puani, kwani vumbi hilo nalo limejulikana viwandani kuwa huleta pumu.

Na pumu ikishika, fanyeni hivi. Mgonjwa akae wima, ameinama mbele kidogo, wala msimlaze. Watu wampishe, asizungukwe. Avute ile ya buluu mara nne, mvuto mmoja mmoja, si yote kwa pamoja. Msubiri dakika nne. Asipopata nafuu, avute tena nne na safari ya hospitali ianze, na njiani aendelee kuvuta. Kwa mtoto asiyeweza kuvuta moja kwa moja, iko hila ambayo madaktari wa Cape Town waliipima mwaka 1999, wakaiona inafaa sawa na vyombo vya kununua: chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, itobolewe kitakoni tundu linalolingana na mdomo wa pampu, pampu ikachomekwa hapo pasiwe na upenyo, mtoto aweke kinywa penye mdomo wa chupa, dawa ibonyezwe mara moja, naye apumue taratibu mara tano au sita. Mwonyesheni mganga wa zahanati chupa hiyo kabla haijahitajika, awasahihishe.

Jueni na alama za hatari. Asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja yuko hatarini. Vivyo hivyo mtoto ambaye nyama za mbavu zinadidimia akivuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya, au ambaye midomo yake inageuka rangi. Na iliyo mbaya kuliko zote ni ile inayowadanganya watu: mgonjwa aliyekuwa akipiga mluzi ananyamaza, kifua kinakuwa kimya, naye anasinzia. Jamaa humshukuru Mungu wakasema amepumzika. Huenda hewa imeacha kupita. Huyo asiachwe alale. Apelekwe mbio, kwa chombo chochote.

Limebaki la aibu. Wako wazazi wanaoficha pumu ya binti yao wakiogopa hatapata mchumba, hata akavuta dawa chooni kama mwizi. Akiolewa, huiacha kabisa asionekane, na akishika mimba huambiwa kwamba dawa itamdhuru mtoto. Madaktari wanasema kinyume: mama aliyekosa pumzi ndiye anayemkosesha mtoto hewa, na dawa za kuvuta huendelezwa katika mimba kwa ushauri wa kliniki. Mume mwema ni yule anayejua pampu ya mkewe inakaa wapi gizani.

Na kwa kuwa dawa ya kuzuia ina gharama, na haipatikani kila zahanati, tunawataka wazee wa misikiti ya mwambao wafikiri jambo hili. Fukara mgonjwa ni katika wanaostahiki zaka, na hakuna kizuizi fedha hiyo kumfikia kwa umbo la dawa aliyoandikiwa na daktari, iwapo yeye ameridhia. Pampu mbili tatu na chupa moja iliyotobolewa, vikiwekwa kwa mtu anayejulikana kijijini, asiyesafiri mara kwa mara, vinaweza kumfikisha mtoto mpaka Liuli ziwa likiwa limechafuka.

Sasa tusimame kwa ajili ya swala. Madirisha ya upande wa ziwa yafunguliwe, na mwenye pumu apishwe mahali karibu nayo. Anayebanwa akisujudu aswali hali ya kukaa.